Hedi ya printa ipimwe kwa matone

Ukurasa huu umezoea kubeba bei za korosho, saruji, sukari na dola. Wiki hii wenye korosho watuvumilie, kwa sababu tunaingia katika soko ambalo bei zake hazitangazwi redioni, lakini ambalo kila mwenye duka la mabango, stika, fulana na picha za pasipoti, kuanzia Kariakoo hadi River Road ya Nairobi, analifahamu kwa maumivu. Ni soko la vichwa vya mashine za kuchapa kwa wino, au hedi, kama mafundi wanavyoziita.

Hoja ya safu hii ni fupi. Hedi inauzwa kama kipuri cha kawaida, mithili ya beringi au mkanda wa feni: unalipa, unafungiwa, unatakiwa heri. Dhamana yake mara nyingi inaishia mlangoni mwa duka, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha kutumika na kwisha. Sisi tunaona kwamba hedi ina umri unaoweza kuhesabika kwa matone, na mbinu za kuurefusha umri huo zipo na zimejaribiwa. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kudai hesabu hiyo na muuzaji wa kuiandika kwenye mkataba.

Kwa wasiofahamu, printa za wino ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza, ambayo Canon na Hewlett-Packard waliisambaza miaka ya 1980, huchemsha wino. Kipashio kidogo kuliko punje ya mchanga hufikia nyuzi 300 hivi za Sentigredi kwa kufumba na kufumbua, povu linatokea, tone linaruka. Hedi ya namna hiyo ni rahisi kutengeneza kwa wingi, na mara nyingi imefungwa pamoja na katriji yake. Wino ukiisha unatupa vyote viwili. Hapo suala la uimara halina uzito, maana kifaa hakikununuliwa ili kidumu.

Aina ya pili haichemshi kitu. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba kinyume chake ni kweli pia: ukizipa umeme, hubadili umbo. Hiyo ndiyo tabia inayoitwa piezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapatikana kauri yenye nguvu zaidi ya fuwele za awali, mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani unaojulikana kwa kifupi chake, PZT. Siemens ya Ujerumani ilitoa printa ya piezo mwaka 1977, na Epson ya Japani ikaifanya kuwa bidhaa ya ofisini na nyumbani katika miaka ya 1990.

Ndani ya hedi ya piezo kila kitundu cha wino, yaani nozeli, kina kisukumio chake cha kauri. Umeme ukipita, kauri inajikunja kwa kipimo kisichofika hata mikroni moja, chumba cha wino kinabanwa, tone linatoka. Kwa kuwa hakuna kuchemsha, hedi hiyo inaweza kurusha karibu kimiminika chochote chenye uzito unaofaa: wino wa maji, wa solventi, wa kukaushwa kwa mwanga wa UV, wa vitambaa, hata rangi za kauri. Bango la kampuni ya simu, fulana ya kamati ya harusi na vigae vingi vya sakafuni vyenye sura ya marumaru ambayo haijawahi kuwa marumaru, vyote vimepita chini ya hedi za namna hii.

Gharama yake iko hapo hapo. Hedi ya piezo ni ghali, imejengwa ili ikae na mashine, na kwa mwenye duka dogo hedi zote pamoja zinaweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Ikifa mapema, haifi peke yake. Inakufa na faida ya miezi kadhaa, na kama mashine ilinunuliwa kwa mkopo, rejesho halisubiri hedi mpya iwasili kutoka Guangzhou.

Tufanye hesabu, maana ukurasa huu ni wa hesabu. Tuseme mashine ina hedi 4, kila moja ina nozeli 512. Jumla ni nozeli 2,048. Tuseme kila tone ni pikolita 30, ukubwa wa kawaida kwa mashine za mabango. Lita moja ya wino ina pikolita trilioni moja, kwa hiyo inatoa matone bilioni 33 na ushei. Duka linalotumia lita 2 kwa siku linarusha matone yapata bilioni 67, na ukiyagawa kwa nozeli zote, kila kisukumio kimejikunja na kujinyoosha mara milioni 32.5 kwa siku moja. Kwa siku 300 za kazi, ni karibu mara bilioni 9.8.

Msomaji aone hapo kitu muhimu: kopo la wino ni spidomita. Dereva wa lori hawezi kununua tairi bila kuuliza kilomita, lakini mwenye duka la mabango ananunua hedi bila kuuliza matone, ilhali kila siku anahesabu lita alizomimina. Watengenezaji wa hedi za viwandani huzungumza kwa makumi ya mabilioni ya mipigo. Kwa hesabu ya juu, hedi ya mabilioni 30 ingetakiwa kumfanyia kazi mwenye duka letu kwa miaka mitatu hivi. Inapokufa baada ya mwaka mmoja, ana haki ya kuuliza mabilioni mengine 20 yamekwenda wapi.

Je, ni kauri yenyewe inayochoka? Hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya kifaa, na wahandisi watatusamehe tukipita haraka.

Kauri ya PZT imegawanyika ndani yake katika maeneo madogo, kila eneo likiwa na upande wa chanya na upande wa hasi. Kabla ya kuuzwa hupigwa umeme mkali ili maeneo hayo yaelekee upande mmoja, kama askari kwenye gwaride. Ukiipa umeme wa kwenda na kurudi, chanya kisha hasi, askari wanalazimika kugeuka nyuma mara mabilioni, na baada ya muda wengine wanakwama. Wataalamu wanasema nafasi zilizoachwa wazi na chembe za oksijeni hujikusanya, hasa karibu na elektrodi za platini, na kuzuia mgeuko. Jambo hili lilichunguzwa sana miaka ya 1990 na watu wa kumbukumbu za kompyuta, ambao nao walitaka kutumia PZT. Waligundua kwamba ukiweka elektrodi ya oksaidi, kwa mfano ya iridi, badala ya platini tupu, uchovu huo unapungua sana. Watengenezaji wa visukumio wakafaidika na somo lililolipiwa na wengine.

Njia nyingine ni kutomgeuza askari kabisa. Hedi nyingi huendeshwa kwa umeme wa upande mmoja tu: volti zinapanda, zinashuka, zinarudi karibu na sifuri, bila kuvuka kwenda upande wa pili. Kauri inanyooka na kulegea lakini maeneo yake yanabaki yakitazama kule kule. Ndiyo maana umbo la wimbi la umeme linalotumwa kwenye hedi ni jambo la uimara, ingawa mafundi wengi hulichukulia kama suala la ubora wa picha peke yake.

Kwa hiyo uchovu wa kauri upo, ila unadhibitika. Ushahidi mzuri tunaoujua hautoki kwenye printa. Gari la utafiti la Marekani, Curiosity, lililotua sayari ya Mars Agosti 2012, lina chombo cha kuchunguza madini kinachotikisa unga wa mwamba kwa visukumio vya piezo vya kampuni ya Ujerumani, PI. Kabla ya safari, visukumio vya aina hiyo vilijaribiwa kwa mizunguko bilioni 100 na vikapita. Siri kubwa ya visukumio hivyo ni vazi lake: badala ya kufunikwa kwa plastiki au gundi, tabaka zake zimefunikwa kwa kauri iliyochomwa pamoja nazo tanurini, na unyevu hauna pa kupenya.

Unyevu. Hilo ndilo neno ambalo wauzaji wa hedi wa ukanda wetu wangepaswa kulitamka kwanza. Maji yakifika ukingoni mwa elektrodi wakati umeme upo, yanaanza kazi ya kikemia. Katika visukumio vya tabaka nyingi vyenye elektrodi za fedha na paladi, chembe za fedha hutembea taratibu kutoka elektrodi moja kuelekea nyingine mpaka zinajenga daraja, na siku daraja likikamilika umeme unapita njia ya mkato. Katika vile vya utando mwembamba, umeme huanza kuvuja kidogo kidogo, kisha sehemu moja inaungua. Fundi anafungua, anaona nozeli kadhaa hazirushi, anasema hedi imeziba. Anaisafisha kwa dawa siku nzima. Haikuziba, imeungua ndani.

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ni miji ambayo unyevu wa asubuhi hupita asilimia 80 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hedi iliyojaribiwa katika chumba chenye hewa kavu ya Japani au Uingereza inaletwa kwenye kibanda cha bati chenye feni moja, mita chache kutoka barabarani. Kisha umeme unakatika. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wenye mashine Tanzania walijifunza maana ya kukatikiwa umeme hedi ikiwa katikati ya turubai, mbali na kifuniko chake: wino wa solventi unakauka kwenye nozeli, hewa inaingia ndani, na umeme unaporudi kisukumio kinapiga bila wino. Hapo fundi huongeza volti ili picha irudi, na kuongeza volti ni kuongeza joto na mvuto juu ya kauri ambayo tayari iko taabani. Anayefuata huichovya hedi kwenye mashine ya kuoshea kwa mitetemo ya sauti, na gundi inaachia. Wa mwisho huchomoa waya wa hedi huku mashine ikiwa imewashwa. Vifo vingi vya hedi tunavyosimuliwa vina mkono wa binadamu ndani yake, na wauzaji wana haki ya kulisema hilo.

Hawana haki ya kuishia hapo. Bidhaa inayouzwa kwa wingi mahali fulani inapaswa kuwa imejaribiwa kwa hali ya mahali hapo. Viwanda vya elektroniki vina jaribio mashuhuri la kuweka kifaa kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, umeme ukiwa umewashwa, kwa saa nyingi mfululizo. Hilo halihitaji maabara mpya wala sheria mpya. Muuzaji mkubwa anayeagiza hedi kwa makasha anaweza kumwandikia mtengenezaji kuomba matokeo ya jaribio hilo, na akijibiwa kwamba hayatolewi, hilo nalo ni jibu.

Dawa za kiufundi zinajulikana. Moja ni kufunika kisukumio kwa utando mwembamba sana wa alumina, uliojengwa tabaka kwa tabaka ya chembe mpaka hakuna tundu la kupitisha mvuke. Nyingine ni kufungia kisukumio katika chumba kilichozibwa, mbali na wino na hewa ya nje. Hedi zile ambazo ukuta mmoja wa kauri unahudumia vyumba viwili vya wino, jambo lililoijengea jina kampuni ya Xaar ya Cambridge tangu ilipoanzishwa mwaka 1990, zina tatizo lake: wino unagusana na ukuta wenye elektrodi, hivyo lazima kuwe na utando wa kinga, na utando ukitoboka kwa wino mkali, elektrodi inaliwa. Xaar hiyo hiyo ilileta mwaka 2007 hedi ambayo wino wake unazunguka muda wote nyuma ya nozeli na kurudi, ukiondoka na hewa na takataka. Viwanda vya vigae vya Hispania na Italia, ambavyo rangi zake ni nzito na zina vumbi la madini ndani, viliipokea kwa mikono miwili. Sababu ilikuwa ya kibiashara: tanuri la vigae haliwezi kusimama kusubiri fundi wa nozeli.

Epson walikwenda njia nyingine. Walipunguza kauri mpaka utando wenye unene wa mikroni moja hivi, uliojengwa moja kwa moja juu ya silikoni kwa ufundi wa viwanda vya chipu, na mwaka 2013 wakauita PrecisionCore. Utando mwembamba una faida ya volti ndogo na nozeli nyingi mahali padogo, lakini unaongeza hatari pia. Nguvu ya umeme kwa kila mikroni ya kauri ni kubwa kuliko katika kipande kinene, na chembe moja ya uchafu ya wakati wa kutengeneza inaweza kuwa mlango wa ufa. Kampuni inayotaka kuucheza mchezo huo lazima iwe na kiwanda safi kama cha chipu, na mtaji wa kuvumilia miaka mingi bila faida.

Xaar walijaribu mchezo huo wa utando mwembamba na mwaka 2019 wakaacha, baada ya kumwaga fedha nyingi na kutafuta mbia bila mafanikio. Walirudi kwenye kauri nene waliyoizoea. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani uimara ni suala la nia njema ya mtengenezaji. Uimara unagharimu fedha, na kampuni haitatoa fedha hizo kama soko linalipia bei ya chini tu, bila kuuliza umri.

Hapa ndipo somo la uhasibu linapoingia, na tunawaomba wenye maduka wasifunge ukurasa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kinataka kila sehemu ya mtambo yenye gharama kubwa ipigiwe uchakavu wake peke yake, na kinaruhusu uchakavu upigwe kwa kazi iliyofanyika badala ya miaka. Mfano kinaoutoa ni wa ndege na injini zake, lakini hakuna mahali kinapofaa zaidi kuliko duka la mabango.

Tuseme mashine ilinunuliwa Sh. milioni 30, na kati ya hizo hedi 4 ni Sh. milioni 12. Mwenye duka anagawa kwa miaka 5, anapata uchakavu wa Sh. milioni 6 kwa mwaka, anapanga bei ya mita ya mraba kwa msingi huo na kujiona ana faida. Sasa tenganisha. Mwili wa mashine ni Sh. milioni 18 kwa miaka 5, yaani Sh. milioni 3.6 kwa mwaka. Hedi, zikidumu miezi 18, ni Sh. milioni 8 kwa mwaka. Jumla Sh. milioni 11.6. Tofauti ya Sh. milioni 5.6 ni faida ambayo haikuwahi kuwapo. Aliyeila alikuwa anakula mtaji. Na kama mtaji huo ni wa benki, riba yake, ambayo kwa takwimu za Benki Kuu ya Tanzania za miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, inaendelea kudai.

Tuendelee na duka hilo hilo. Kwa lita 2 kwa siku, miezi 18 ya siku 450 za kazi ni lita 900. Gawa Sh. milioni 12 kwa lita 900: kila lita ya wino inakula hedi ya Sh. 13,333. Hedi zikidumu miaka mitatu, lita ni 1,800 na gharama inashuka hadi Sh. 6,667. Maana yake ni kwamba wino wa bei poa unaopunguza lita moja kwa Sh. 5,000, lakini ukala nusu ya umri wa hedi, umemtia mwenye duka hasara ya Sh. 1,667 kwa kila lita anayoisifia. Mafundi wanaweza kubishana kuhusu wino upi unakula utando upi. Hesabu hii inasubiri tu mtu aweke tarakimu zake mwenyewe, na tarakimu zote anazo: tarehe aliyofunga hedi na lita alizonunua tangu siku hiyo.

Kwa wauzaji tunapendekeza jambo moja linalowezekana kesho asubuhi. Dhamana iandikwe kwa lita. Muuzaji aseme: hedi hii, kwa wino huu, na kwa volti zilizoandikwa kwenye lebo yake, itakwenda lita kadhaa, ikifa kabla, tunachangia badala kwa kiasi cha lita zilizobaki. Wauza matairi makubwa wanaifahamu biashara ya namna hiyo. Muuzaji atakayeanza atapandisha bei kidogo na bado atachukua wateja wote wenye mikopo, maana mwenye mkopo haogopi bei kubwa kama anavyoogopa tarehe asiyoijua.

Tunasikia upinzani. Wanasema teknolojia inakimbia, hedi ya kudumu miaka kumi itakuwa ya kizamani kabla ya kufa. Huko Tokyo, pengine. Huku mashine iliyostaafu Dubai inaanza maisha ya pili Kariakoo na ya tatu Mwanza au Bujumbura, na hedi zenye muundo wa zamani bado zina soko moto. Wanasema pia kwamba ni bora hedi ya kutupwa, kama zile za kuchemsha, ikichakaa unaweka nyingine. Kwa printa ndogo ya ofisini hoja hiyo ina nguvu, na hatuna ugomvi nayo. Lakini hata huko soko limeanza kutoa jibu tofauti: printa za matangi ya wino, ambazo Epson walizianza Indonesia mwaka 2010 na ambazo leo zimejaa katika kila duka la vifaa vya ofisi na kurudufu, zinauzwa kwa bei ya juu kwa sababu tu mteja anaamini hedi itabaki hai wakati chupa za wino zinapita. Mteja wa hali ya chini ameonyesha kwa mfuko wake kwamba anaelewa uimara kuliko wanavyodhani.

Kuna na suala la risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa kauri ya PZT ni risasi. Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi katika vifaa vya umeme kuanzia mwaka 2006, uliacha mlango wazi kwa kauri za piezo kwa sababu mbadala wake haujafikia nguvu ya PZT. Kauri zisizo na risasi, za potasiamu, sodiamu na niobi, zinaendelea kufanyiwa kazi. Hadi hapo, kila hedi inayokufa mapema ni risasi kidogo zaidi kwenye jalala la mji ambao hauna mpango wa kuikusanya.

Tatizo ambalo pengine ni gumu kuliko yote halihusu kauri hata kidogo. Soko letu limejaa hedi zilizofufuliwa. Zinatolewa kwenye mashine zilizochakaa, zinaoshwa, zinang'arishwa uso, zinawekwa kwenye boksi na kuuzwa kama mpya. Mkononi zinafanana. Nyingine zimefungwa kwa msimbo wa kampuni, zinakuja na kadi ya kuzifungua, na mnunuzi hajui kama volti zinazotumwa na bodi ya mashine yake ndizo zilizokusudiwa na mtengenezaji wa hedi. Katika hali hiyo mtengenezaji anaweza kuongeza alumina na elektrodi za oksaidi apendavyo. Hedi yake bora itashindana dirishani na maiti iliyopakwa mafuta, na bei ya maiti itashinda.

Kuuza kilichotumika kwa jina la kipya ni udanganyifu, na Tanzania ina Tume ya Ushindani yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya ina mamlaka yake ya kupambana na bidhaa bandia. Tume hizo zimezoea kukamata betri, wino wa toni na vipodozi. Hedi haijazoeleka kwa sababu walioumia hawalalamiki kwa maandishi. Wanalalamika kwa fundi, naye ndiye aliyewatafutia hedi.

Mnunuzi anaweza kuanza na mambo machache wakati akisubiri tume. Hedi nyingi za viwandani hubandikwa namba ya mfululizo na volti zake mahsusi, kwa kuwa hakuna mbili zinazofanana kabisa. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti, sio neno "hedi" na bei tu. Apige picha ya uso wa nozeli kabla ya kufungwa. Achape karatasi ya majaribio ya nozeli siku ya kwanza, aiandike tarehe, aiweke kwenye faili pamoja na risiti, kisha aichape tena kila baada ya lita 50. Nozeli moja moja zikitoweka na kurudi baada ya kusafishwa, ni hewa au wino. Zikitoweka mahali pale pale na zisirudi, visukumio vimeanza kufa, na hiyo ndiyo siku ya kumpigia muuzaji simu, kabla fundi hajagusa volti.

Misimu ya uchaguzi, kama ule wa Kenya wa Agosti 2022 na wa Tanzania wa Oktoba 2025, huleta kazi nyingi za mabango kwa wiki chache, mashine zinakesha, na baadaye mtaa unajaa mashine za kuuzwa. Anayenunua mashine ya mkono wa pili baada ya msimu kama huo asiulize mwaka wa kutengenezwa. Aulize madaftari ya wino.